Hatua Zinazobaki Ndani

Asubuhi, mama kijana alimpitisha binti yake kwenye ujia mwembamba uliotoka ofisini hadi chumba cha watoto, akamkabidhi kwa mlezi, akaenda kwenye kompyuta yake. Jioni alirudishiwa mtoto kwa ujia uleule.

"Leo katembea mpaka dirishani," mlezi alisema. "Na kusema 'mama' kasema."

Upande wa pili wa ujia, ofisini, mama alimweka sakafuni. Mtoto akatambaa. Ndivyo walivyokuwa watoto wote wa chumba kile: walichojifunza ndani kilibaki ndani. Mtoto wa mhasibu aliota meno huko, akawa anayaacha mlangoni.

Siku moja skripti ya mama, programu fupi aliyoiandika mwenyewe, ilimsumbua. Ilisoma faili la wateja mstari kwa mstari, ikiongeza moja kwenye hesabu kila mara. Ndani ya kitanzi, yaani mzunguko wa kusoma, hesabu ilipanda vizuri. Kitanzi kikiisha, sifuri.

"Kaka, hii mashine inanidharau," alimwambia fundi wa meza ya jirani.

"Haikudharau. Umelipitisha faili kwenye bomba, ile alama inayomimina data kutoka amri moja hadi nyingine. Kitanzi cha mwisho wa bomba huzungukia kwenye ganda lake, programu ya pembeni inayoendesha amri, na nakala ya hesabu yako. Kikiisha, ganda hufa na nakala yake. Ondoa bomba. Lilishe faili pale kitanzi kinapofungwa, kizungukie kwenye ganda lako wewe."

Alibadilisha. Hesabu ikatoka nzima. Aliitazama kidogo, kisha akaenda kwa mlezi.

"Dada, tukipitia mlango wa uani badala ya ujia?"

"Hapo watatoka na kila kitu chao. Ila ufunguo anao meneja. Anasema mtashinda huku, kazi zilale."

Meneja alimsikiliza, akakiri kwamba hoja ni sahihi, akamsifu kwa bidii yake ya kujifunza. Ufunguo akaurudisha mfukoni.

Sasa, saa ya chakula, mama huzunguka uani na kusimama nje ya dirisha. Binti humwona, akanyanyuka, akaja kwa miguu yake mwenyewe, akiyumba kama meza mbovu, akabandika kiganja kwenye kioo. Mdomo husema mama; sauti haipiti. Mama naye huweka kiganja chake palepale.

Hatua anazojifunza nyumbani hubaki naye, ila jioni ni fupi na mtoto ana usingizi. Hata hivyo mama humsimamisha katikati ya magoti yake.

"Haya, mwanangu. Jifanye hujawahi kutembea."

Binti hucheka, akaanza upya.