Utando wa Katikati

Umewahi kumwona mgonjwa akiulizwa swali, na wasiougua wakalijibu kabla hajameza mate?

Viti vya chumba cha daktari vilikuwa vitatu, sisi wanne. Mama mkwe wa mjukuu wangu alikaa, mwanawe akakaa, nami nikapewa cha tatu kwa ajili ya uzee. Mjukuu wangu, mwenye tumbo linalouma, akaegemea ukuta.

Miaka ya nyuma walimpasua wakatoa uvimbe kwenye kizazi. Ukaota tena. Safari hii daktari akasema na utumbo nao umegandana na kizazi, ndiyo maana binti akicheka anashika ubavu. Mimi nimeshona mashati maisha yangu yote, nilimwelewa upesi. Ukipiga pasi kitambaa cha gundi cha kola bila kuweka karatasi katikati, kinashika pasipotakiwa.

"Tutaingia kwa matundu madogo," daktari alisema. "Tutaachanisha, tutoe uvimbe, kisha tufunike kidonda kwa utando mwembamba. Unayeyuka wenyewe. Unapunguza kugandana, lakini siwezi kukuahidi." Akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe unatakaje?"

"Anataka mtoto," mama mkwe akajibu. "Weka huo utando, hata miwili."

"Ndiyo, daktari," mume akaitikia, macho kwenye viatu vyake.

Mjukuu wangu alifungua mdomo, akaufunga. Daktari akaendelea kuandika.

Mjukuu wangu alipotoka hospitali baada ya upasuaji, aliambiwa asilale tu, atembee. Nikamshika kiwiko, kitandani hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni.

"Kaza mwendo, mke mwenzangu, mume wetu asije akaona mimi kikongwe ndiye mwepesi," nikamtania.

Akacheka bila kushika ubavu. Nikashukuru kimyakimya.

Haikudumu. Maumivu yalirudi palepale, tukarudi kwa daktari, akasema upande mmoja umegandana tena. Jioni hiyo tulikaa sebuleni kwao, chai ikipoa.

"Alikuwa analala mchana," mama mkwe alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Sasa atobolewe tena, wamwekee utando mzito."

"Mkwe," nikamwambia, "adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Na maiti hazai."

Mume akakoroga chai ambayo alishaikoroga. "Mama anasema kweli. Tujaribu mara moja tu, mke wangu."

Mjukuu wangu akaweka kikombe chini, taratibu, mkono mmoja tumboni.

"Nilitaka kitolewe," alisema.

"Kitolewe nini?" mama mkwe akauliza.

"Kizazi, mama. Siku ile daktari aliponiuliza ninatakaje. Nilitaka akitoe chote, nipate kulala bila kujikunja."