Sura ya Shangazi Kwenye Tangazo la Dawa

Asubuhi moja wateja watatu, mmoja baada ya mwingine, walimuuliza shangazi yake Lenzi leo ni siku gani. Wa nne alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. "Pumzika tu, mama," alimwambia kwa huruma. Shangazi, fundi cherehani kwa miaka thelathini mwenye vipimo vya mtaa mzima kichwani, alibaki mdomo wazi.

Adhuhuri Lenzi, ambaye ni mpiga picha, akagundua kisa. Alikuwa akipita mbele ya duka la dawa akakutana ana kwa ana na shangazi yake ukutani, mkono shavuni, macho yakitazama mbali. Chini yake paliandikwa: *Umeanza kusahau? Dawa ipo.*

Picha ile aliipiga mwenyewe, Shangazi akiwa anawaza mkato wa gauni la harusi. Ndiyo picha aliyoipenda kuliko zote, na aliiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni ikiwa na jina lake pembeni. Jina sasa halikuwepo.

Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya matangazo. Msanifu aliyetengeneza tangazo hakuinua hata macho.

"Dada, ile picha tumeichukua mtandaoni."

"Najua. Niliiweka mimi."

"Sasa kama hukutaka itumike, uliiweka ya nini?"

"Na wewe ukianika shati lako nje, umeligawa?"

Meneja akatoka kusikia kelele. Akasema Lenzi alipaswa kushukuru, kwa kuwa kazi yake imetangazwa bure.

"Imetangazwa vipi na jina langu mmelikata?"

"Lilikuwa linaziba chupa ya dawa," alisema msanifu.

Lenzi akaondoka kabla hajasema neno la kujutia, akaenda kwa wakili aliyepanga jengo moja na studio yake. Wakili alimsikiliza akitikisa kichwa.

"Picha ni mali yako, umeipiga wewe. Kuonekana na watu wote hakuifanyi iwe ya watu wote. Walipaswa kukuomba." Akachukua kalamu. "Ila uso ni wa nani?"

"Wa shangazi yangu."

"Alikubali uuweke mtandaoni?"

"Alijua nampiga picha."

"Sikuuliza hilo."

Jioni Lenzi alikwenda kumweleza Shangazi yote, hata lile swali la wakili lililomchoma. Shangazi aliendelea kufumua mshono.

"Kwa hiyo wao wamekuibia wewe, na wewe umeniibia mimi."

"Shangazi! Mimi si mtoto wa kaka yako?"

"Ndiyo maana sikukufungia mlango."

Kesho yake walikwenda pamoja kwa meneja wakiwa na barua ya wakili. Meneja aliisoma mara mbili, sauti ikashuka. Aliahidi kubandua matangazo yote na kubandika maelezo ya kuomba radhi kwenye kuta zilezile. Kisha, kwa kutaka kuonyesha uungwana, akasogeza katoni ya ile dawa mezani. "Pokea, mama, kama pole."

"Mpe huyo kijana wako," Shangazi alisema, akimwonyesha msanifu. "Ndiye aliyesahau kuomba."

Matangazo yalibanduliwa, radhi ikabandikwa, na yule wa kitambaa akarudi kwa aibu akiwa na vitambaa viwili. Lenzi naye aliiondoa picha mtandaoni, akaandika karatasi ya ruhusa ya kuirudisha kwa lugha nyepesi, akampelekea Shangazi aweke sahihi kama inavyopasa.

Shangazi aliisoma mwanzo hadi mwisho, akaikunja. "Niachie. Nitafikiria."

Huu ni mwezi wa pili tangu hapo. Lenzi akiulizia huambiwa asimharakishe mtu mzima. Juzi aliuliza tena, akiwa amekaza meno, na Shangazi akamjibu bila kusimamisha cherehani kwamba karatasi ni nzuri, ila picha yenyewe haikumtoa vizuri upande wa kidevu.