Vibanio vya Plastiki

Saa moja na nusu asubuhi Garing aliinua kopo la biskuti kutoka rafuni, kitako chake kikabaki. Skrubu, nati na vibomba vyembamba vya shaba vilimwagika kwenye sakafu ya kirikuu, gari lake dogo la kazi. Vingine vilipita kwenye tundu la kutu karibu na gurudumu la nyuma, vikaishia mtaroni. Alibaki ameshika duara la bati lisilo na chini.

"Hilo limekufa, Nong," alisema muuza mikate aliyepita na baiskeli, akimwita kaka kwa lugha ya pale. Hakusimama.

Leodegario Palmares, ambaye watu wote wa mtaa wa Jaro walimwita Garing, alitengeneza majokofu. Vipuri vyake vilikaa kwenye makopo ya biskuti na ndoo tupu za aiskrimu, kama vya mafundi wengi wa mji wa Iloilo, Ufilipino. Hewa ya chumvi iliyala makopo. Joto la gari liliikausha mifuniko ya ndoo hadi ikapasuka kama ganda la yai. Chombo kikifa, kingine hupatikana jikoni kwa mtu, na kazi inaendelea.

Lakini mwezi uliopita nati ilikutwa ndani ya bilauri ya halo-halo, chini kabisa, katikati ya barafu na maharage matamu. Ilikuwa kwenye jengo kubwa la maduka, ghorofa ya vyakula, na mteja aliipiga picha. Jengo likatoa amri: fundi hapiti lango la nyuma ila vipuri vyake viwe ndani ya maboksi yasiyofunguka yakidondoka. Utoaji wa vibali ulikuwa unafungwa siku hiyo saa tisa alasiri. Asiye na kibali, friji zake zingekwenda kwa kampuni ya Manila yenye magari meupe. Zaidi ya nusu ya kazi ya Garing ilikuwa kwenye ghorofa hiyo. Alikuwa ameahirisha kununua maboksi tangu amri ilipotoka, kwa kuwa bei ilipanda mara mbili ndani ya mwezi huo huo na alitumaini ingeshuka.

Aliokota alivyoweza kuviona, akaendesha hadi mtaa wa La Paz, kwenye duka la Nang Pering.

"To! Umeshakula?" Nang Pering aliuliza kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa na miaka sabini na ushei, na alimwita To, kama dada mkubwa anavyomwita mdogo wake wa kiume, naye Garing akimwita Nang, yaani dada, ingawa hawakuwa na undugu.

"Nimekula, Nang."

"Umekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Na wali mwingine."

Nang Pering alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo maana hupati mke. Tikoy ameandika?"

"Anaandika," alisema Garing.

Tikoy hakuwa ameandika tangu mvua zianze. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, Garing akilala kifudifudi nyuma ya friji, Tikoy akimpa vipuri na kuzungumza bila kituo: ndondi, mama mkwe wake, nani kafa, nani kaoa. Kisha Tikoy akaenda Jeddah. Ujumbe wa mwisho ambao Garing alimpelekea ulionyesha kuwa umesomwa. Tangu hapo kulikuwa na siku ambazo mtu wa kwanza kumsemesha Garing jambo lisilohusu friji alikuwa Nang Pering, na siku ambazo alikuwa wa mwisho pia.

"Nataka maboksi ya vipuri," alisema. "Ya garini. Yale ya kupita lango la jengo."

"Kila fundi anataka hayo wiki hii. Chagua mwenyewe, wewe una macho."

Alianza na yale ya droo nyingi, meupe yanayopitisha mwanga kama kioo. Alibonyeza ubavu kwa kidole gumba. Ulitoa mlio mkavu. Plastiki ya namna hiyo ingepasuka kabla joto la Aprili halijaisha. Aliyarudisha.

Ya pili yalikuwa na rangi ya maziwa. Yalipobonyezwa yalibonyea na kurudi. Garing alifungua mfuniko na kutazama kuta za ndani: zilifika juu kabisa, kwa hiyo skrubu za chumba kimoja zisingehamia chumba cha pili gari likiruka shimo. Bawaba ilikuwa ya ujiti wa chuma. Mwili wa boksi ulikuwa sawasawa na alichokitaka. Kisha alitazama kibanio.

"Hiki ni cha plastiki, Nang. Yapo yenye vibanio vya chuma?"

"Yameisha jana. Mzigo unakuja Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nje ya lango."

"Boksi ni lile lile, To. Kampuni ile ile."

Alifungua kibanio akakifunga, akakifungua tena. Kwenye mzizi wake, pale ulimi unapokunjwa, ulitokea mstari mweupe mwembamba kama uzi. Plastiki inayofanya weupe pale inapokunjwa imeshaanza kukatika. Garing aliujua mstari huo. Alikuwa ameuona kwenye milango ya friji nyingi.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la Uy, yalining'inia maboksi yale yale, rangi ile ile ya maziwa. Vibanio vyake viling'aa juani. Kutoka alipokaa Nang Pering, mtu anayeingia kwa Uy alionekana tangu kichwa hadi miguu.

Pale mjini mnunuzi na muuzaji waliochaguana huitana suki. Suki hapimwi kwa mizani kali. Nang Pering alimwekea Garing gesi ilipokuwa adimu, alimwongezea kiganja cha washa za skrubu kwenye mfuko bila kuhesabu, alimsubiri miezi ambayo wateja hawakumlipa. Suki naye haonekani barabarani na mfuko wa duka jingine. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Utaenda kwa Uy?" Nang Pering aliuliza. Alikuwa akipanga balbu, hakumtazama.

"Kwa Uy kufanya nini?"

"Sijui. Macho yako yamevuka barabara, nikadhani na miguu inafuata."

"Nipe haya, Nang."

"Yote?"

"Yanayotosha upande mmoja. Ule wa mlango wa kuteleza."

Nang Pering alishika boksi hewani. "Na upande wa Tikoy?"

"Mkono wangu haufiki huko," alisema Garing.

Alikaa nyuma ya kirikuu, mlango wazi, akahamisha vipuri. Ndoo za aiskrimu zilikuwa zimepangwa kwa namna ya Tikoy, ambayo haikufuata ukubwa wala aina, bali wateja. Ndoo moja ilikuwa ya "mama wa samaki", nyingine ya "yule mlevi wa Molo". Garing alizimimina zote akazipanga upya: fyuzi na fyuzi, nati na nati. Rafu ya upande wa pili aliiacha tupu. Alipiga vibanio vyote kwa kiganja, kimoja kimoja. Vyote vilifunga.

Uani nyuma ya jengo magari yalisimama foleni juani. Afisa usalama alikuwa kijana aitwaye Jarder, shati limepigwa pasi, meza chini ya mwavuli. Foleni ilisogea taratibu kwa sababu Jarder alikula chakula cha mchana wakati ikisubiri.

"Nong, maboksi," alisema hatimaye.

Garing aliyaleta. Jarder alichukua la juu, akaliinua hadi usawa wa kiuno, akaliachia. Lilianguka bapa juu ya saruji. Lilibaki limefungwa.

"Zuri hilo. La pili."

"Yote ni aina moja, Mkuu."

"Basi huna wasiwasi."

La pili lilianguka kwa pembe. Ulimi wa kibanio ulikatika ukaruka hadi kwenye kiatu cha mlinzi, mfuniko ukafunguka, nati zikatawanyika uani zikizunguka. Watu wa foleni walirudi nyuma hatua moja ili wasizikanyage.

"Imekwisha, Nong. Hakuna kurudia."

"Ni kibanio tu. Nitafunga kwa mpira."

"Mpira si kibanio."

"Mkuu, friji ya Minerva wa ghorofa ya vyakula imezima tangu jana. Ana samaki wa watu mle ndani. Niache niingie na hilo moja lililopona."

"Samaki ni wako?"

"Si wangu."

"Ni wangu?"

"Si wako, Mkuu."

"Basi mbona tunagombana, Nong? Amri si yangu. Mimi nadondosha tu."

Gari jeupe la kampuni ya Manila lilipita pembeni ya foleni. Mlinzi aliinua kizuizi bila kumtazama dereva. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa umefungwa kwa kamba, na kwenye upenyo wake zilionekana ndoo za aiskrimu, mfuniko mmoja umepasuka.

"Na hao?" Garing aliuliza.

"Hao wana mkataba."

"Mkataba unazuia nati zisianguke?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jarder hakucheka. "Mwingine!" aliita.

Garing alipiga magoti akaokota. Mlinzi alisukuma nati moja kwa ncha ya kiatu ikamfikia, na hilo ndilo pekee alilosaidiwa. Kwenye mlango wa ndani Minerva alisimama na taulo begani, akamwashiria aingie. Garing alitikisa kichwa. Minerva alisimama kidogo, kisha akaligeukia gari jeupe akalipungia taulo.

Nati nyingi zilikuwa zimeingia kwenye mtaro wa uani. Alirudi La Paz kununua nyingine.

Dukani alikuwepo fundi wa feni kutoka Molo, mtu wa makamo ambaye Garing alimfahamu kwa sura, kwa kumwona njiani na watoto wake. Alikuwa ameshika boksi la rangi ya maziwa, na pochi yake ilikuwa wazi. Juu ya meza kulikuwa na kipande cha bibingka, keki ya mchele, kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

"Huyu hapa!" alisema Nang Pering. "Keti, To, nimekuwekea, bado ya moto. Mwambie huyu bwana, hanielewi. Kama Garing amenunua, wewe nunua hata umefumba macho."

"Nong, yamepita langoni?" fundi aliuliza. "Nina mpaka saa tisa. Nikikosea sina pesa ya kununua mengine."

Garing aliitazama bibingka. Kisha alimtazama Nang Pering, ambaye alikuwa bado anatabasamu, akimpanguzia kiti kwa kitambaa.

"Moja limekatika," alisema. "Tazama kwenye mzizi wa kibanio. Fungua, funga. Unaona weupe?"

Fundi aliinama karibu na mwanga. Alifungua, akafunga. Aliweka boksi mezani polepole, kama mtu anayeweka kitu cha mwingine, akafunga pochi, akasema asante bila kumtazama yeyote. Alivuka barabara. Wote wawili walimwona akiingia kwa Uy.

"Ana watoto, Nang," alisema Garing.

Nang Pering alirudisha boksi rafuni. Alinyoosha mstari wa maboksi mpaka yakalingana. Kisha alikaa kwenye kiti chake nyuma ya meza na kuweka kile kitambaa mapajani.

"Unahitaji nini, Bwana?" aliuliza.