Maji Safi ya Sista Leokadia

Uzi ulikuwa umekatika. Leokadia aliinama nyuma ya gari la kliniki, akapapasa vizibo sita vya betri pale alipouzungusha jana jioni, uzi mweupe wa kushonea vidonda, na badala ya kukasirika akajihisi ametulia, kama mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta. Basi ni dereva. Penye moshi hapakosi moto.

Gari lile lilikuwa nyumba yao ya magurudumu. Nyuma palikuwa na kitanda chake yeye nesi, kabati la dawa na taa ya kuzalishia. Mbele alilala dereva, Mzee Andendekisye, Mnyakyusa wa Rungwe aliyetoa maneno yake kidogo kidogo kana kwamba nayo yalikuwa ya mgawo kama sukari ya miaka ile. Taa ilitegemea betri ya pili, na betri hiyo aliichagua mzee. Hapo ndipo shaka ilipoanza. Katika duka la Sadrudin, mjini Iringa, zilipangwa betri nyekundu zinazong'aa. Mzee akazipita zote, akawa anainua moja moja kwa mikono miwili kama mnunuzi wa kuku, mwisho akachukua nyeusi iliyojaa vumbi.

"Hii nzito, Sista. Madini yake ya risasi ni mengi."

Sadrudin alicheka, wakapeana mikono. Leokadia aliutazama sana mkono ule. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na tangu hapo kila alichofanya mzee kilikuwa na harufu.

Wiki ya pili, huko Idodi, alimkuta akimimina kitu ndani ya betri kutoka kwenye chupa ya bia isiyo na karatasi.

"Nini hicho?"

"Maji, Sista. Maji ya betri."

Jibu gani hilo! Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye foleni na watoto mgongoni, wakisikiliza. Hao hao aliwahubiria kila wiki kwamba maji ni maji, na dawa yake ni moja tu: chemsha. Akaitwaa chupa mbele yao, akaimwaga, akatangaza kwamba kuanzia leo betri ataitunza mwenyewe. Na akaitunza kweli: maji ya kisima cha pale, yaliyochemka dakika ishirini, yakachujwa kwa shashi, yakapozwa. Mzee Andendekisye akaiokota chupa yake tupu.

Miezi miwili haikuisha, taa ikaanza kufifia. Wiki iliyopita ilizimika kabisa Leokadia akiwa anamshona Roza, mama aliyetoka kujifungua, damu inakwenda, na mume wa Roza, Masunga, akashika kurunzi. Roza alipona. Leokadia ndiye ambaye hakupona. Akifumba macho aliliona giza lile, na katikati yake uso wa dereva. Aliogopa, na hofu ikishapata wa kulaumiwa huwa haitaki tena kuulizwa maswali.

"Umefungua betri?" alimuuliza asubuhi hiyo, ncha ya uzi mkononi.

"Nimeifungua, Sista."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mzee alijifuta vidole kwa kitambaa kilichotobolewa na asidi. "Ilikuwa inaumwa," alisema, akawasha gari.

Walipofika Iringa, Leokadia alianzia ofisi ya mganga wa wilaya, akaacha barua aliyoiandika tangu juzi: dereva anaharibu betri kwa makusudi, aondolewe. Kisha wakashuka dukani kwa Sadrudin, kwa maana alitaka shahidi. Hata kabla boneti haijapoa, tarishi akaja mbio kumwita mzee ofisini. Mzee alimtazama Leokadia, akaelewa, akavaa koti lake na kupanda mlima kwa miguu.

"Fungua," Leokadia alimwambia Sadrudin, "uniambie huyu bwana ameifanya nini."

Sadrudin alitumbukiza kijibomba cha kioo, akavuta, akatazama boya dogo ndani yake likizama hadi chini, dalili kwamba asidi imedhoofika. Akamulika kila tundu.

"Nani anatia maji humu?"

"Mimi. Maji safi. Nayachemsha mwenyewe."

Sadrudin hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Sista, birika lako ndani likoje?"

"Lina ukoko mweupe. Kile kisima kina chumvi kidogo."

"Basi. Moto unaua vijidudu, chumvi hauiui. Maji yanapanda na mvuke, chumvi inabaki, na humu imebaki tele. Betri inakunywa maji ya mvua, au ya mvuke uliopozwa. Yale niliyokuwa nampa mzee."

"Ulimpa wewe?"

"Nikimjazia chupa yake. Halafu akaacha kuja. Safari iliyopita akarudi, akasema atavuta yale mabaya kwa mpira atie haya. Nikamwambia, umechelewa, mzee, lakini jaribu." Aliifunga betri taratibu. "Ilikuwa betri nzuri kuliko zote dukani. Nilicheka siku ile kwa sababu nilitaka kuiweka kwenye gari langu."

Leokadia hakuaga. Alipanda mlima nusu akitembea, nusu akikimbia, aibu ikimchoma hadi kwenye masikio, akiipanga kauli moja kichwani: ni mimi, ni mimi. Mlango wa ofisi ulikuwa umeegeshwa. Sauti ya mganga ilisikika ndani.

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nakubali. Andika ni mimi."

"Mzee, kazi utaipoteza. Kama kuna jambo jingine, sema."

Kiti kikalia kwa kusogezwa.

"Bwana mganga, Idodi wakisikia maji ya Sista yameua betri, nani atachemsha tena? Mwaka jana tulizika watoto kumi na mmoja kwa kuhara. Mwaka huu hatujazika hata mmoja. Andika ni mimi."

Leokadia alisimama, kiganja juu ya ubao wa mlango. Alisikia kizibo cha kalamu kikifunguliwa, kisha karatasi ikivutwa juu ya meza. Akausukuma mlango.