Hata Shefu Ana Mama

Anastasie alijifunza kufa nyuma ya jiko la mama yake mkubwa, alasiri, akiisha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Alianguka kwa magoti kwanza, kisha kwa ubavu, mkono mmoja juu ya kifua. Akiona vumbi limeshika zaidi mgongoni kuliko ubavuni, alijua amekufa vibaya, basi alisimama, akajikung'uta na kuanza upya. Kuku walikwisha kumzoea. Mama Godelieve, dada mkubwa wa marehemu mama yake, yeye hakumzoea.

"We mutoto, ile kufa-kufa yako itatuletea mambo hapa nyumbani," alisema kutoka mlangoni, mwiko wa kusongea bukari mkononi.

"Mama mukubwa, ni teatre tu."

"Teatre, teatre. Na ule Dieumerci munamulalisha chini kama maiti, mama yake anajua?"

"Anajua. Alicheka."

"Alicheka juu hajaelewa," alisema Mama Godelieve, akarudi kwenye chungu chake.

Habari yenyewe ilianza shuleni, siku moja ya mvua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanaandika imla ya Kifaransa, lakini mvua ilipiga mabati hata sauti ya mwalimu ikapotea. Monsieur Patrice akaweka chaki chini. Akawaambia wasogeze madawati karibu, akawasimulia tragedi, yaani tamthilia ya huzuni, ya Wayunani wa kale, ambayo watu wanaicheza mpaka leo. Ndugu wawili waligombania mji wakauana. Mfalme aliyeshika kiti baada yao akaamuru mmoja azikwe kwa heshima zote, na mwenzake aachwe nje, ndege wamle. Dada yao akakataa. Akaenda akamfunika kwa udongo, akakamatwa, akafungiwa ndani ya pango, na mfalme alipokuja kugeuza moyo, binti alikuwa amekwisha kufa.

Alipomaliza, mvua ilikuwa imekatika na hakuna aliyejua ilikatika saa ngapi.

"Prof," aliuliza Anastasie, "ule mfalme hakuwa na muntu wa kumuambia?"

"Walikuwepo wengi. Hakuwasikia."

Hapo ndipo walipoamua kuicheza, lakini kwa namna ya kwao. Mfalme akawa shefu wa kijiji cha kando ya ziwa. Wale ndugu wakawa wavuvi wenye mitego yao. Amri ya mfalme ikatangazwa kwa megafone, na walinzi wakawa wanampigia shefu picha za maiti kwa simu, ili aone kama hakuna aliyeigusa. Anastasie ndiye aliyeandika maneno karibu yote, na kwa kuwa aliyajua kuliko wengine, akapewa kuwa dada. Dieumerci, ambaye hakuweza kushika mistari miwili kichwani, akapewa kuwa maiti. Kazi hiyo aliiweza mno. Siku ya kwanza ya mazoezi alilala kweli, akakoroma katikati ya maombolezo.

Ugumu ulikuwa kumpata shefu. Wavulana kadhaa walijaribu, wengine wakapiga kelele tu, wengine wakacheka wenyewe. Kisha Éliezer Kabera akasoma ile amri, polepole, bila kuinua sauti, na darasa zima likanyamaza. Éliezer alikuwa kijana mrefu asiyependa maneno mengi. Wazazi wake walikuwa watu wa milimani, wafugaji, walioshuka mji wa Baraka, kando ya ziwa, na ng'ombe wachache waliobaki, na mama yake, Mukarurangwa, aliuza maziwa kando ya barabara ya soko. Kila mtu alimpigia makofi. Yeye akarudisha karatasi mezani.

"Mi sitacheza ule shefu," alimwambia Anastasie walipokaa barazani.

"Juu ya nini? Sauti iko, urefu uko."

"Angalia vizuri. Bantu batajaa pale, bataona muntu wa milima anakataza mutoto wa Baraka azikwe. Batatoka pale bakisema nini? We hauoni, juu si we batakuangalia."

Anastasie hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Kwenye barabara ile ya ziwa, kutoka Makobola kushuka mpaka Baraka, ni nyumba ngapi zisizojua uchungu wa kumzika mtu haraka haraka wakati wa vita, au kukosa kumzika kabisa? Na huko milimani nako ni hivyo hivyo. Alikuwa amechukua habari ya Wayunani akaileta ufukweni, na sasa haikuwa tena ya Wayunani.

"Basi tubadilishe," alisema mwishoni. "Mi nitakuwa shefu, we utakuwa ule kaka."

"Ule kaka iko maiti."

"Ndiyo."

"Na Dieumerci?"

Wote wawili walimtazama Dieumerci, aliyekuwa amejilaza kwenye benchi, mdomo wazi. Éliezer akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jioni ile Anastasie aliandika kipande kipya. Alimweka shefu peke yake mbele ya nyumba yake, akamfanya aseme anachokiogopa. Kiti amekipata juzi tu, baada ya vita vya wale ndugu. Watu bado wanampima. Akilegea mara moja, anafikiri, watamcheka mpaka siku ya kufa kwake. Kesho yake Éliezer alikisoma akiwa amesimama, akakirudia tena.

"Nani alikuambia hivi?"

"Hakuna. Nilijiuliza kama ingekuwa mi."

Éliezer alikunja karatasi akaiweka mfukoni mwa shati. "Nitacheza. Lakini kwetu musimuambie mama. Atakuja akae mbele kabisa, mi nitasahau yote."

Bila shaka mama aliambiwa. Éliezer alikuwa na mdogo wake wa kike, Ikirezi, na katika nyumba yenye Ikirezi hakuna siri inayofika Jumapili.

Walicheza Jumamosi, jua bado likiwa juu, ili waliotoka mbali wapate kurudi kwao mapema. Uwanja wa shule ulijaa. Pazia lilikuwa maturubai mawili ya lori yaliyofungwa kwa kamba. Bamama walikuja na watoto mgongoni, madereva wa pikipiki wakaegesha pikipiki zao kando ya ua na kukaa juu yake kama kwenye roshani, na prefe, mkuu wa shule, alikuja amevaa tai. Mukarurangwa alifika mapema akachukua nafasi ya mbele. Mama Godelieve alifika kwa kuchelewa, akisema hakuja kuangalia teatre, amekuja kuhakikisha tu mtoto haanguki juu ya jiwe. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa kando ya Mukarurangwa. Wakasalimiana kwa adabu, kama watu wanaouziana maziwa na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, lakini hawajawahi kukaa benchi moja.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ndugu wawili waligombana kwa ufundi mpaka watoto wakaanza kushangilia upande huu na upande ule. Kisha Dieumerci akaburutwa kwa mkeka akalazwa katikati ya jukwaa. Éliezer akaingia, koti jeusi, miwani ya jua, megafone mkononi. Akatangaza kwamba mtu huyu hatazikwa, na atakayemgusa atafungiwa.

Sauti ya "Eh! Eh!" ilipita uwanjani. Anastasie akaja akapiga magoti.

"Shefu, ule ni ndugu yangu."

"Alikuwa ndugu yako," alijibu Éliezer kwa ile sauti yake ya chini. "Sasa ni mufano."

Hapakuwa na mtu aliyekohoa. Nyuma ya pazia, Monsieur Patrice alifumba macho kwa furaha. Ndivyo alivyoota kuiona.

Mukarurangwa akasimama.

Alisema kwanza kwa lugha ya kwao, kisha akarudia kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Éliezer! Acha ule mutoto azikwe!"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Éliezer alivua miwani.

"Mama, kaa. Ni teatre."

"Najua ni teatre, mi si mujinga. Hata kwa teatre, mutoto wangu hawezi kusema vile mbele ya maiti. Mi nilikulea hivyo?"

"Hapana, Mama."

"Endelea! Endelea na maneno!" Monsieur Patrice alinong'ona kwa nguvu kutoka nyuma ya turubai, lakini hakukuwa tena na maneno ya kuendelea nayo, kwa sababu Mama Godelieve naye alikuwa amesimama.

"Mwenzangu anasema kweli," alisema. "Tangu pale mi nakaa naangalia ule mutoto juani, roho inaniuma."

Alikuwa amejifunga vikwembe viwili, kama kawaida yake. Alifungua cha juu, akapanda jukwaani, akakitandaza juu ya Dieumerci toka kichwa mpaka miguu. Mukarurangwa akamfuata, akakunja upande wa pili. Mama mwingine akaja, na mwingine, na mmoja wao akaanzisha wimbo wa msiba unaoimbwa makanisani kote, na waliobaki kwenye mabenchi wakaupokea. Anastasie alibaki amepiga magoti, mdomo wazi. Ukurasa wake mzuri kabisa, ule wa pangoni, aliuona ukienda zake.

"We, usikae tu," Mama Godelieve alimwambia. "Shika upande wa kichwa. Si we dada yake?"

Akashika. Mara kikwembe kikaanza kutetemeka, na mtoto mmoja akapiga yowe: "Anapumua!" Ni Dieumerci, kicheko kilikuwa kimemshinda. Mama Godelieve alimpiga kofi la paja.

"Kufa vizuri! Bantu banalia juu yako!"

Hapo wakageuka wote kumtazama shefu. Walinzi wake, vijana wawili wenye fimbo, walimtazama pia, wakingoja amri. Éliezer alikuwa amesimama peke yake pembeni, megafone imening'inia, na Anastasie, aliyemjua vizuri kwa sasa, aliona kwamba haigizi tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kuchekwa. Ni uso ule ule aliokuwa ameuandika bila kuuona.

Anastasie aliuacha mkeka, akamwendea. Katika maneno aliyoyaandika, mahali pale alitakiwa kumlaani.

"Shefu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pikipiki, "bado haujachelewa."

Éliezer alimtazama, kisha akamtazama mama yake. Akainua megafone.

"Tangazo," alisema. "Bantu bote ba kijiji basikilize. Hata shefu iko na mama. Mama amesema. Azikwe!"

Kelele iliyotoka pale ilisikika, wanasema, mpaka bandarini. Éliezer aliweka megafone chini, akaenda kushika pembe ya mkeka, na walinzi wakatupa fimbo wakashika pembe nyingine. Walimzungusha Dieumerci uwanjani huku wakiimba, wakatoka naye mlangoni, pikipiki zikipiga honi nyuma yao, na pengine wangefika naye barabara kuu kama mama yake mzazi asingewakatia njia.

"Basi, inatosha!" alisema, akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. "Munirudishie mutoto wangu."

Monsieur Patrice aliwakusanya darasani. Tai aliyoivaa kwa ajili ya siku hiyo ilikuwa imegeukia mgongoni.

"Mumeua tragedi," alisema.

"Prof," alisema Dieumerci, bado ana kikwembe mabegani, "walau kuna kitu kilikufa."

Mwalimu alijaribu kukasirika, akashindwa, akakaa juu ya dawati na kucheka mpaka akakohoa. Kwa miaka mingi, alisema alipopata pumzi, amefundisha habari ile, na haikumjia hata siku moja kwamba mtu anaweza kutoka kwenye viti akapanda jukwaani.

Anastasie hakucheka nao. Alikuwa amekwenda nyuma ya darasa, na Éliezer alimkuta huko amekaa juu ya tofali, macho mekundu.

"Unamukasirikia mama yangu?"

"Kidogo. Mama mukubwa zaidi." Alivuta kamasi. "We haujui nilivyokuwa nakufa vizuri. Haujui kabisa."

"Najua. Ikirezi alikuchungulia kwenye ua. Alituonyesha nyumbani, mpaka na mkono juu ya kifua."

Anastasie alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa anamtania. Ndipo na yeye akaanza kucheka, kwanza kwa hasira, baadaye kwa kicheko chenyewe, hata akalazimika kujishika ukutani.

Juma lililofuata Éliezer hakuweza kupita sokoni bila kuitwa. "Shefu! Shefu, habari ya mama?" Wanawake wa ndagala walimwita, wachukuzi walimwita, na mzee mmoja ambaye hakuwahi kumjibu salamu alimsimamisha amuulize kama ile amri ameifuta kweli au itarudi. Éliezer alijibu kwamba hilo waulize kwa mama. Mukarurangwa naye alihamishia maziwa yake kando ya meza ya ndagala ya Mama Godelieve, kwa sababu hapo kuna kivuli, alisema, na wakashinda wakibishana ni nani aliyesimama kwanza. Jibu kila mtu alilijua, lakini ubishi uliwafurahisha wote wawili.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Mboko. Shule moja ya huko ilikuwa imesikia, ilitaka na wao waone. Monsieur Patrice akawauliza wanafunzi wataicheza kwa mwisho upi. Dieumerci alitaka wa kuzungushwa uwanjani. Anastasie alisimama akasema hapana, safari hii anataka mwisho ule wa kale, wote, mpaka pangoni, watu waone kinachotokea wakikaa kimya. Walipiga kura, akashinda. Waliweka sharti moja tu, kwamba wazazi watakaofuatana nao wakae nyuma kabisa.

Éliezer alipeleka habari hiyo nyumbani akiwa na wasiwasi. Mama yake alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Nyuma hakuna shida," alisema. "Sauti yangu inafika."