Fundo la Shangazi

Shangazi alikuwa amekwisha kulichana shuka zima, vitambaa virefu vyembamba, akavitundika kwenye ukingo wa kitanda. Kimoja alikichovya kwenye maji ya moto, akakikamua. Mwanangu alikuwa amelala mapajani mwake, kichwa kimechongoka kwa nyuma kama papai.

"Mfupa ungali mbichi, ukifungwa utanyooka," alisema. "Mkinikatalia leo, kesho msinililie."

Asubuhi ile ile, kabla hatujaruhusiwa kutoka hospitali, daktari alikuwa amepita wodini na wanafunzi wake. Alikiinua kichwa cha mwanangu kwa kiganja kama mtu achaguaye tikiti sokoni, akatamka neno moja, *dolikosefali*, wanafunzi wakaliandika, wakahamia kitanda cha jirani. Mke wangu, mshono bado unamwuma, aliuliza kama mtoto ataishi. Koti jeupe likamjibu kwa mgongo. Tukarudi nyumbani na neno hilo kama watu waliokabidhiwa nyoka ndani ya kikapu.

Jirani akasema aliwahi kumwona mtoto wa namna hiyo, akapata degedege, akafa. Baada ya hapo hakuna aliyemeza chakula. Ndipo shangazi, aliyenilea tangu mama yangu afariki, akachukua mkasi.

Mke wangu alinishika mkono. "Baba, nenda kaulize. Neno hilo lina maana. Halikushushwa toka mbinguni."

Nikamsihi shangazi anisubiri. Akasema atasubiri mpaka maji yapoe.

Nilikimbia. Langoni pa hospitali mlinzi akaniambia aliyeruhusiwa ameruhusiwa, daktari si muuza magazeti wa kuitwa dirishani. Nje ya ukuta palikuwa na mzee wa vitabu chakavu, amevipanga juu ya turubai. Nikamwomba cha wakunga. Akanitazama viatu, kisha akanipa, akanionya nisikunje kurasa.

Shule niliiacha njiani, na lugha ya kitabu kile niliijua kwa kuokoteza. Nililitafuta neno kwa *k*, halipo; wenyewe huliandika kwa *ch*. Mzee akaniwekea jiwe juu ya ukurasa. *Kichwa kirefu.* Basi. Huwapata sana watoto waliokaa kitako tumboni. Wengi hurudi sawa wenyewe.

Wetu alikaa kitako! Ndiyo maana mama yake alipasuliwa. Walijua wote waliovaa makoti, na neno moja la kawaida lingewagharimu nini?

Niliposukuma mlango, maji yalikuwa yamepoa. Kichwa kizima kilikuwa kimezungushiwa vitambaa, fundo juu ya sikio, na mtoto alikuwa kimya. Si kimya cha usingizi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mke wangu alikuwa ukutani, ngumi mdomoni. Fundo la shangazi lilikuwa fundo la mtu aliyezoea kufunga mizigo. Kucha zangu zililikwaruza bure, nikaling'ata kwa meno.

Likaachia. Kukapita muda ambao mpaka leo sijatoka ndani yake. Kisha akalia.

Shangazi alivikusanya vile vitambaa, akaketi kuvishona viwe nepi, sindano ikimchoma kila mara. Sikumkasirikia hata siku moja. Hasira yangu ilijua iendako: langoni, wodini, baadaye kiwandani nilikofanya kazi na mahakamani, kila palipo na mtu mwenye neno refu na mgongo wa kutujibia. Wenzangu wananiita Kipaza. Wanadhani nilizaliwa na sauti.

Kichwa kilijirudi kabla hajaanza kutambaa. Kofia zangu sasa zinamtosha.

Juzi mkewe alijifungua. Daktari, kijana mwenye haraka, alimgusa mjukuu wangu utosini, akatamka neno nisilolijua, akageuka. Sauti ikanikauka. Nilihisi ladha ya kitambaa kibichi kati ya meno.

Mwanangu alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Samahani, daktari," alisema, kwa upole nisiojaliwa mimi. "Hatujamaliza."