Kivuli cha Ghorofa la Abdulwahab

Restuta alikuwa anapara samaki mbele ya Ghorofa la Abdulwahab, mahali alipopikia wateja tangu alipoachika, vijana wa idara ya barabara walipofika na kopo la rangi nyekundu. Walichora X kubwa ya bomoabomoa ukutani, kati ya mlango na dirisha la chini, wakaomba maji ya kunawa, kisha wakaagiza ugali wa muhogo na kisamvu. Mmoja alijisahau akaegemea ukuta rangi ikiwa bado mbichi, akaondoka na mguu mmoja wa X mgongoni mwa shati. Wenzake walimcheka mpaka Restuta naye akacheka.

Jengo lilikuwa la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye ghorofa moja juu, kando ya barabara ya Lindi mjini yanakopita mabasi ya Masasi, malori ya korosho na bodaboda wasio na adabu. Abdulwahab aliyelijenga alikufa zamani. Wajukuu zake walikuwa Dar es Salaam, na Lindi walijulikana kwa mtu wanayemtuma kuchukua kodi. Huko juu, kwenye chumba cha dirisha la barabarani, aliishi Bi Lusia, mama yake Restuta, ambaye miguu yake ilikuwa imezigomea ngazi. Kila alasiri, jua likishapita nyuma ya jengo na kivuli kikilala barabarani, Bi Lusia aliteremsha kikapu cha ukili kwa kamba. Restuta alitia chakula, akaivuta kamba kidogo, na kikapu kikapanda. Wateja walishazoea kuinamisha vichwa kikipita.

"Na sisi wapangaji je?" Restuta aliwauliza wale vijana.

"Wapangaji hawahusiki, mama," alijibu mwenye kopo, kwa upole kabisa, mdomo umejaa kisamvu.

Restuta na mama yake wakahamia mtaa wa Mtanda, chumba cha uani chenye dirisha linalotazamana na ukuta wa choo. Bi Lusia alishushwa ngazi akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekumbatia kikapu chake na kamba yake. Kule hakukuwa na pa kukiteremshia, basi akawa anakaa nacho mapajani kutwa nzima. "Hapa namwona nani sasa?" aliuliza. Restuta akamwambia atazoea. Hakuzoea. Mvua za masika zilikuwa hazijakatika alipofariki, na daktari akasema ni presha. Restuta alijua si presha, ila hakuwa na jina jingine la ugonjwa ule, akakubali presha. Alilia sana, na alipomaliza kulia alirudi barabarani kupika, maana njaa ya watu haingoji mtu amalize msiba.

Katapila lilikuja siku chache baada ya maziko. Jengo lilianguka kwa urahisi uliowaudhi waliokuja kutazama. Mawe yakasombwa, pakabaki peupe, na vumbi la chokaa likatua juu ya masufuria ya mama lishe wote wa mtaa ule. Kesho yake alasiri, jua lilipopita pale lilipokuwa jengo, kivuli kikalala barabarani palepale kinapolalaga: ukingo wa paa, roshani iliyomeguka upande mmoja, na mwanga wa mraba wa dirisha la juu, kwa sababu chumba kile kilikuwa na dirisha jingine nyuma lililopitisha jua. Restuta alitazama, akalisogeza jiko lake ndani ya kivuli. Jua la Lindi si la kubembelezana nalo. Wateja walimfuata, na madereva wa bajaji wakapaki humo kama zamani.

Haukupita muda, katika ule mwanga wa dirisha kikatokea kichwa cha Bi Lusia, kitambaa kimefungwa fundo kwa mbele. Kisha kivuli cha kikapu kikaanza kushuka juu ya lami. Kilionekana ndani ya kivuli cha jengo kwa kuwa kilikuwa cheusi zaidi, kama sehemu ya nguo iliyoloa.

"Mama kateremsha njaa yake," Restuta alisema, akapakua.

Aliweka sahani kwenye lami juu ya kikapu, akangoja. Kikapu kikapanda, sahani ikabaki, chakula bado cha moto. Hakikuwa chakula cha kutupwa, akampa Alex, dereva wa bajaji, aliyekuwa amekaa juani akisubiri abiria. Hapo ndipo walipoona kwamba sahani ile haina kivuli. Alex alikula akamaliza, akasema ni kitamu ila hakishibishi. Restuta akamwongezea ugali. Tangu siku hiyo sahani ya kwanza ilikuwa ya Bi Lusia, na aliyeila baada yake aliambiwa mapema kwamba ataongezewa.

Restuta alikuwa na furaha siku zile, na aliona haya kidogo kuwa na furaha ndani ya msiba. Arobaini ilipokaribia aliamua kuifanyia pale pale kivulini, mwenyewe akiwepo. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, kabla ya kumtafuta katekista na kuazima masufuria makubwa, alikwenda kumwarifu mwenyekiti wa mtaa, Mzee Huseni. Hakuna mtu mwenye heshima zake anayekusanya watu bila kumwarifu mwenyekiti. Angekuwa mkorofi, pengine mama yake angekuwa pale mpaka leo.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Bado pole."

"Nimeshapoa. Nimekuja kukuarifu, arobaini tutaifanyia kwenye kivuli cha Abdulwahab."

"Si lilibomolewa lile?"

"Jengo ndiyo. Kivuli kipo."

Mzee Huseni alifikiri. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa hajawahi kuwaficha wakubwa hata kuku. "Basi ngoja niwaambie watu wa barabara," alisema, "isije ikaonekana tumewazunguka."

Akaja injinia Deo, kijana mtaratibu, na kofia ngumu na futi ya kamba. Alikipima kivuli urefu na upana, akapiga simu, akasikiliza zaidi kuliko alivyosema. Kisha akamwambia Restuta kwamba kivuli kiko ndani ya hifadhi ya barabara na hakikutakiwa kuachwa. Fundi wake akachora X nyekundu juu yake. Jioni X iliondoka pamoja na kivuli, na kesho yake alasiri ikarudi nacho.

"Mwanangu, mama yangu yumo," Restuta alisema.

Deo alitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akavua kofia. "Shikamoo, bibi," aliiambia lami, na kivuli cha Bi Lusia kikainua mkono. Deo akamgeukia Restuta. "Ndiye alikuwa mwenye nyumba?"

"Alipanga."

"Wapangaji hawahusiki, mama. Ingekuwa uwezo wangu ningekusaidia, haki ya Mungu."

Alisema kweli, na ukweli wake ndio uliomkata Restuta maini. Mtu mbaya angegombana naye. Huyu alikuwa na machozi, na kazi ilikuwa palepale.

Restuta alijaribu alichoweza. Alishika mahali kamba ilipopita akavuta, mama ashuke. Bi Lusia alichungulia, akaonyesha miguu yake. Alex na wenzake wakaleta kiti cha plastiki wamshushe kama walivyomshusha mwanzo, wakakizunguka kivuli chote wakitafuta ngazi. Hawakuiona. Ngazi ilikuwa ndani ya jengo, na kivuli kina nje tu. Wakarudi na kiti chao, mmoja akakikalia akaagiza chai.

Watu wa barabara walikuja siku ya arobaini yenyewe, kwa sababu ndiyo siku waliyopangiwa mashine. Walikuwa waungwana. Walizima injini, wakasimama nyuma ya waombolezaji, wakaitikia rozari mpaka mwisho, wakala wali na nyama, wakanawa. Halafu wakakata kivuli pembeni kwa mashine ya kukatia lami, wakakibandua, wakaanza kukikunja kuanzia kwenye paa. Kilikuwa kizito, katapila la kijiko likaletwa kusaidia. Mkunjo ulipolifikia dirisha, Bi Lusia aliinamisha kichwa kama wateja walivyokuwa wakikiinamia kikapu chake. Restuta aliita, "Mama!" mara moja. Tipa likaondoka, lami ikabaki inang'aa jua mpaka macho yakauma.

Jiko la Restuta sasa lilikuwa juani katikati ya hifadhi ya barabara. Aliambiwa aliondoe, akaliondoa.

Deo alikuwa amesema kivuli kinapelekwa dampo, na bila shaka ndivyo alivyoambiwa. Baadaye Alex akapita Mtanda, hata hakuzima bajaji.

"Dada Restuta, nimemwona bi mkubwa."

"Wapi?"

"Kituo kipya cha mafuta, njia ya Mingoyo. Wamemtandika kwenye maegesho."

Ilikuwa kweli. Tajiri mwenye kituo alikuwa amekata miti yote ili kituo kionekane kutoka mbali, kisha magari ya wateja yakawa yanaungua. Kivuli kilitandikwa ubavu, X bado ipo, roshani imeelekea choo cha wateja. Dirisha liliangukia mahali pa kujazia matairi upepo. Restuta alipofika na sahani ya chakula, lori la tani nyingi lilikuwa limesimama juu yake. Lilipoondoka, Bi Lusia alikuwepo, akajifunga vizuri kitambaa, akateremsha kikapu.

Mlinzi, Benedicto, alimjia Restuta kabla hajafungua sahani. Alimwamkia vizuri.

"Mama, hapa haturuhusu kusimama kama hununui."

"Yule ni mama yangu, baba."

"Namwona. Kila siku anateremsha kikapu, tunamhurumia. Lakini mimi mlinzi tu."

Basi Restuta anakwenda kila alasiri na chupa tupu ya maji, ananunua mafuta ya taa. Wakati chupa inajazwa, yeye ni mteja, na mteja haondolewi. Anasimama karibu na pampu ya mafuta ya taa, ananyoosha mkono wenye sahani juani mpaka kivuli cha sahani kiangukie kwenye kikapu, na Bi Lusia anavuta. Chumbani Mtanda chupa zimejaa chini ya kitanda na zimeanza kupanda ukutani, na yeye anapikia mkaa. Mwenye nyumba analalamikia harufu. Chakula anachorudi nacho anakila mwenyewe, halafu analala na njaa.

"Mimina polepole, mwanangu," humwambia binti wa pampu, na binti, anayeitwa Witness na ana mama yake kwao Kipatimu, anamimina polepole kadiri pampu inavyomruhusu. Hata hivyo pampu ni mpya na ina nguvu. Kikapu kinakuwa hakijafika hata nusu ya ukuta.

"Imejaa, mama," Witness anasema.

Restuta anaziba chupa, anaondoka.